Mbegu za Serikali kwenye Upindo wa Kaptura

Shule niliishia darasa la nne, na bado majirani wenye digrii walikuwa wakija kwangu kuuliza ni lini wapande. Nilianza na jembe la kuazima. Baadaye nikapata maksai wawili, wakawa wanne, halafu trekta. Hayo yote pale pale kwetu Magunga, kwenye udongo mweusi unaonasa gurudumu, ambao wengine waliukimbia wakaenda mjini kuuza viatu. Sikusaidiwa na mtu. Uliza yeyote.

Halafu nilimvunja jirani mkono kwa mpini wa jembe. Alikuwa amesogeza mpaka wetu hatua nne ndani ya shamba langu. Lakini hakimu hakuniuliza nani alisogeza mpaka, aliniuliza nani alivunja mkono. Nikapewa mwaka mmoja. Mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi ya siku zake, kwa hiyo nikahesabu miezi minane, nikaona si kitu. Kabla Machi haijaisha ningekuwa nyumbani, na mvua ya masika ingenikuta mlangoni.

Baada ya muda kwenye gereza kubwa, walinihamishia kambi ya shamba, upande wa Migori. Kambi ile haina ukuta. Ina seng'enge nyuzi mbili ambazo hata mbuzi wa jirani wanazidharau. Wafungwa wa pale ni wa vifungo vifupi, kazi yao kulima, na hakuna anayetoroka, maana ukikimbia unaongezewa siku, na ukibaki unapunguziwa. Unajifunga mwenyewe, kwa hesabu yako mwenyewe.

Wiki mbili hazikuisha, nikawa nyapara wa maksai. Msimamizi wa shamba alikuwa sajini kijana mwenye cheti cha kilimo. Siku ya kwanza nilimkuta akipima mistari kwa kamba.

"Afande," nikamwambia, "mistari yako inateremka na mlima. Mvua ikija, mbegu yote itaogelea mpaka ziwani."

"Wewe ni mfungwa ama ni profesa?"

"Mfungwa, afande. Lakini mvua haijui hilo."

Wenzangu waliangua kicheko. Sajini alinitazama, akatazama mteremko, akaing'oa kamba yake na kuitandaza upya, ikikata mlima. Tangu siku ile akaniita Profesa, na mimi ndiye niliyelima shamba lile. Yeye alitia sahihi tu.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumbani, la sivyo hutaelewa nilivyojichimbia shimo. Kwetu hakuna mtu katika boma anayetia mbegu ardhini kabla ya mwenye boma. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Mwenye boma na mke wake wa kwanza hutangulia, na mambo mengine ya siku hiyo siyaandiki hapa. Ndipo watoto hufuata. Wanangu wawili wameoa na wana nyumba zao humo humo bomani mwangu. Kwa hiyo nyumba tatu zilikuwa zinaningoja mimi. Mkono wangu usipoanza, hakuna mahindi mwaka ule.

Jumapili ya kwanza ya Machi mke wangu alikuja kunitembelea. Ni mtu wa Kendu Bay, Msabato, na ni mke mmoja tu niliye naye. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri. Tuliketi kwenye benchi chini ya bati, askari amesimama karibu. Sheria ya pale ni kwamba mgeni na mfungwa waongee Kiswahili ili askari asikie. Kwa hiyo mimi na mama wa watoto wangu, tulioongea Kijaluo miaka yote ya ndoa, tukawa tunaongea kama watu wawili waliokutana sokoni.

"Wuon pacho," akaanza. Majina tu ndiyo yalibaki ya kwetu; hilo maana yake mwenye boma. "Mvua imenyesha mara tatu."

"Nimeiona. Hata hapa inanyesha."

"Watoto wamelima, wamemaliza. Shamba limelala wazi. Majirani wote wamepanda, hata yule wa mkono."

"Apande. Ataona nani atavuna."

Akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na konzi ya mahindi, yale tunayoyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni.

"Wazee wamesema ukiishika kwa mkono wako ukanirudishia, inatosha. Nitaenda nitie hizi kwanza, halafu watoto wafuate. Hakuna atakayesema umerukwa."

Askari akasogea. "Mama, nini hiyo? Chakula hakiruhusiwi."

"Si chakula, afande. Ni mbegu. Ashike tu anirudishie."

Askari yule alikuwa Mkuria, mtu mzima, na nadhani hata kwao wana desturi zao. Akatugeuzia mgongo. "Shika basi, mzee, haraka. Mimi naangalia barabara."

Nikaficha mikono kwapani.

"Nyar Kendu," nikamwambia, yaani binti wa Kendu, "mimi nianze msimu kama mgonjwa anayelishwa kitandani? Zimebaki siku kumi na saba. Nitakuja nisimame shambani mwangu kwa miguu yangu. Ngojeni."

"Na mvua nayo itangoja?"

"Mahindi yangu yanaweza kupandwa ya mwisho na yakavunwa ya kwanza. Unanijua."

Aliitazama ile konzi. Kisha akasema polepole, "Kanisani kwetu mambo haya ya kodhi hayahubiriwi. Nimepanda magari mawili na pikipiki kwa heshima yako wewe, si ya desturi." Akaifunga leso, fundo juu ya fundo, akaondoka bila kugeuka.

Kuna jambo sikumwambia. Tayari nilikuwa na mbegu zangu. Serikali ilikuwa imeletea kambi mbegu mpya ya majaribio, punje nene zilizopakwa dawa nyekundu, ambazo Magunga ilikuwa haijaziona. Nilifumua upindo wa kaptura yangu ya kunguru, ile sare ya mistari, na kila siku ya kupanda nikawa natumbukiza punje kumi, kumi na tano. Nilitaka nirudi na msimu mguuni. Nilitaka watu waseme: yule hata jela ametoka na mbegu.

Zikiwa zimebaki siku tisa, mvua kubwa ilitukuta katikati ya shamba. Nililowa mpaka mfupa. Nikaona sajini ananikimbilia, uso umemshuka.

"Profesa! Umejikata wapi? Kaa chini, kaa chini!"

Nikatazama miguu yangu. Wekundu ulikuwa unachuruzika kutoka kwenye mapaja mpaka kwenye matope. Sajini alipiga goti mwenyewe, akakunja kaptura yangu atafute kidonda. Punje zikamwangukia kiganjani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Ungeniomba siku ya kutoka, ningekupa mfuko mzima."

Lakini waliona wengi, na jambo likipanda mpaka kwa mkuu wa kambi halishuki tena. Mali ya serikali. Nikapokonywa siku arobaini za msamaha, na unyapara ukaenda kwa mtu asiyejua kulia wala kushoto kwa maksai.

Waliniruhusu simu moja. Hapo ndipo ningeweza kusema, pandeni. Neno moja. Nilipiga, akapokea mke wangu, na nyuma yake nikasikia kuku na mjukuu akilia.

"Nimechelewa kidogo," nikasema. "Ngojeni."

"Nimesikia," akasema. Simu ikakatika.

Nilitoka mwanzoni mwa Mei. Nilishuka pikipiki kwenye njia ya kwangu, na kabla sijaiona nyumba niliona mahindi, yanafika kiunoni, ya kijani iliyokolea. Nyumba zote tatu. Wanangu walikuja kunisalimia, kila mmoja akiwa na kazi ya kutazama viatu vyake.

"Nani alitangulia?" nikauliza.

"Mimi," mke wangu akasema. Alikuwa mlangoni na ungo mkononi.

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Uliposema ngojeni, nilikata simu nikachukua jembe."

"Mwanamke anayetangulia peke yake ni mjane. Kwa hiyo nimekufa."

"Hujafa," akasema. "Umechelewa."

Nilichukua panga nikaingia shambani, nisijue nakwenda kukata nini. Hakuna aliyenizuia. Nilitembea mpaka mwisho nikitafuta kosa: mistari iliyopinda, mapengo, magugu. Mistari ilikuwa inakata mteremko vilevile, nafasi hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha wanangu wakiwa wadogo. Sikupata kitu. Nikakata kuni kidogo ili nisirudi mikono mitupu.

Mahindi yale niliyala. Nani angenipa mengine?

Tangu hapo kila masika wananiletea mbegu asubuhi ya kwanza, niguse, nitangulie mistari miwili, halafu wao. Heshima haijapungua, ukiangalia kwa macho. Lakini Machi hii nilibaki kitandani makusudi. Jua lilikuwa limetoka. Niliwasikia wamefika nje, mke wangu na wanangu na wake zao, wananiita mara moja, mara ya pili. Nikanyamaza nione watangoja mpaka lini.

Mwana mkubwa akasema, "Mama, tufanyeje?"

Sikusikia jibu lake. Nilisikia jembe likianza.