Ngazi ya Bi Zuhura

Nyumba ya kwanza niliyoijenga ndani ya kompyuta niliinyoosha kuta zote. Ilikuwa nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, na nyumba hizo ni nadra kuwa na chumba chenye pembe nne zilizo sawa. Nilipima ukuta mmoja, nikaona vipimo havilingani na wa pili, nikadhani ni mkono wangu uliotetereka. Basi nikausawazisha. Ndivyo nilivyokuwa: mstari uliopinda ulininyima raha.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wasanifu majengo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Msanifu Mkuu alinikabidhi kalamu ya wino na wembe. Kalamu ya kuchorea ramani, wembe wa kukwangulia wino uliokosea. Wembe wangu uliisha makali mapema kuliko wa wenzangu.

Miaka michache baadaye muuzaji mmoja alituletea kompyuta ya majaribio yenye programu ya namna mpya. Humo huchori mistari, unajenga. Unausimamisha ukuta kwa urefu, kimo na unene wake, unatia mlango, kisha mashine yenyewe inakutolea ramani ya chini, sura ya mbele na mkato, yaani nyumba inavyoonekana ikipasuliwa katikati. Ukihamisha dirisha pahali pamoja, linahama kote.

Hakuna ofisini aliyeijua. Nilijifundisha kwa kitabu chake kinene, wenzangu wakishuka kula viazi karai. Kila umeme ulipopepesa, niliharakisha kuihifadhi kazi isipotee.

"Nyumba ya Bi Zuhura ni yako," Msanifu Mkuu aliniambia. "Ikifaa, mashine inabaki, nawe utaisimamia. Isipofaa, inarudi kwa mwenyewe, nawe unarudi kwenye wembe."

Bi Zuhura, mjane, alitaka mambo mawili: boriti mpya za chumba cha juu, na ngazi ambayo mamake angeweza kuipanda. Ile ya zamani ilikuwa wima mno, na mzee huyo alikuwa hajaonja upepo wa juu tangu magoti yalipomshinda.

Fundi Athmani alizikata boriti zote sawa, kama ramani yangu ilivyosema. Za upande wa barabarani zilikaa vizuri. Za upande wa ndani, ambako chumba kilitanuka, ziliishia hewani.

"Ee, Bwana Kompyuta!" aliniita kutoka juu. "Njoo uziambie kuta zisogee!"

Mafundi walicheka. Bi Zuhura hakucheka. "Mwanangu, nyumba yangu umeitizama, ama umeiwaza tu?"

Msanifu Mkuu alifika, akainua macho, akazikagua boriti moja moja. Nilitamani anigombeze.

"Mashine imefanya ulivyoiambia," alisema. "Pembe ulizipima?"

"La, Bwana."

"Nenda kazipime. Ngazi bado."

Zile boriti fupi zilipata kazi kwenye jiko la uani. Mimi nilirudi na tepu, nikapima kila chumba kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, maana hapo ndipo chumba hukiri kilivyopinda. Kuta mbili za kando ya ngazi zilikuwa nene chini na nyembamba juu. Nilizijenga upya kwenye kompyuta jinsi zilivyo, huku nikiumia. Ndipo nikaona jambo ambalo karatasi haikunionyesha kamwe: nafasi ilizidi kupanuka kadiri ulivyopanda, kwa hivyo kila kidato kilitaka upana wake. Nikatazama mkato, nikaona kichwa kingegonga boriti. Nikaisogeza ngazi, na michoro yote ikafuata.

Seremala wa mtaa wa Majengo aliishika ramani kana kwamba inanuka. "Ngazi gani hii, kila kidato na upana wake? Ulichora ukiwa na homa?"

"Ikate hivyo hivyo, tafadhali," nilijibu.

Ililetwa kwa mkokoteni hadi kichochoroni, kisha mabegani. Fundi Athmani alisubiri mlangoni na msumeno. "Nimejiandaa," alisema, akinikonyeza. Wakaiinua. Ikakwaruza chokaa, ikakwama kidogo, nikafumba macho. Nikasikia mti ukikaa.

Fundi alipitisha kiganja ubavuni, juu mpaka chini. Hapakuwa na pengo la kupenya kidole. Akaurudisha msumeno kapuni.

"Haya, Bwana Kompyuta. Leo kuta zimesogea."

Bi Zuhura alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mamake akapanda, polepole, akapumzika katikati. "Nani kaitengeneza?"

"Huyo anayejificha nyuma ya mlango," Fundi alijibu.

Msanifu Mkuu alininyooshea mkono. "Mashine inabaki. Wembe niletee."

Sasa nimestaafu. Ofisi ile haina tena meza ya kuchorea hata moja, na vijana huingia kazini wakiwa wanaijua programu tayari. Mstari uliopinda bado unanishtua. Ila siunyooshi tena; naupima.