Filister Auonyesha Mguu Njia

Filister alianguka kutoka juu ya ghala la mtama akavunjika mguu, mwaka ule Bonde la Lambwe lilipotengwa liwe la wanyama. Alipokuwa bado amelala na vijiti vimefungwa mguuni, mama mkwe wake, Phelesia, akaanza kumtafutia mwanawe mke wa pili.

"Nyar Kasipul," alimwambia, kwa maana Filister alikuwa binti wa Kasipul, "si kwa ubaya. Japheth anataka tu mtu wa kukusaidia."

Msaada huo Filister aliujua. Leo msaidizi anakuchotea maji, kesho ana jiko lake, keshokutwa wewe ndiwe unayemchotea.

Siku ya kufungua vijiti alikuja fundi wa mifupa, Mirumbe, Mkuria wa upande wa Migori. Aliutazama mguu kama mtu aliyeko mnadani.

"Hii ni mguu mgeni," akasema. "Ni kama ng'ombe umenunua juzi. Usipomwonyesha njia, atapotea na wewe juu yake."

"Njia gani, baba?"

"Zote za bonde. Na usimbembeleze. Kimbia."

Mwingine angecheka. Filister alijifunga leso kiunoni, akashuka bondeni.

Bonde lenyewe lilikuwa kame, nyasi zimekauka kama nywele za maiti, na juu yake magenge ya mawe ya Kanyamwa. Njia zilikuwa za twiga na nyamera zaidi kuliko za watu. Mbung'o walimsaidia sana, kwani akisimama tu wanamnywa damu. Shida ilikuwa watu. Siku hizo mtu mzima hakukimbia bure. Ukimwona mke wa mtu mbioni, ama kuna msiba, ama ametoroka.

Karibu na Magunga akina mama walipiga mayowe kabla hajawafikia. Alipowaambia hakuna aliyekufa, walikasirika.

"Na machozi yetu je? Tuyarudishe wapi?"

Kwenye njia ya pili wanaume waliokuwa wakilima walimkamata mikono. "Shemeji, rudi nyumbani. Akikupiga tena tutamsema." Wakamrudisha hadi mlangoni, kwa heshima zote. Basi kesho yake ikabidi aianze njia ile upya, mguu usije ukajifunza nusu.

Bondeni kulikuwa na askari wa wanyama, Monari, mtu wa Kisii, na kwa kuwa hakujua Kijaluo walisema Kiswahili.

"Mama, unakimbiza nani?"

"Naonyesha mguu njia."

Monari aliutazama mguu, akaitazama njia, akapisha. "Sawa. Lakini asisumbue wanyama."

Ikabaki njia moja, ile inayopanda kutoka mtoni hadi kwake. Asubuhi hiyo Filister aliona Phelesia akichinja kuku wengi, na Japheth amevaa koti. Hakuna aliyemwambia neno, lakini alielewa: watu wa binti aliyetafutiwa Japheth walikuwa wanakuja kuona boma. Alishuka mtoni, akageuka, akaanza kupanda mbio, vumbi na jasho vikimchuruzika usoni.

"Mama, leo ni nini?" Monari akauliza.

"Amekwisha!"

"Nani amekwisha?"

"Ule wa mwisho! Wa kwangu nyumbani!"

Alimaanisha njia. Sisi watu wa ziwani Kiswahili kilikuwa nguo ya kuazima, na kila kitu kwetu kilikuwa mtu: mti ameanguka, maji amemwagika, njia amekwisha. Lakini Monari alivua kofia.

"Pole sana, mama."

"Asante!" akasema Filister, akidhani anapewa pole ya mguu.

Monari akapanda baiskeli, akapita barabara kubwa, boma kwa boma, akitangaza kuwa mume wa Filister hayuko tena.

Japheth alikuwa ameketi na mjomba wa binti, mzee Nicanor, paja la kuku mkononi, kilio kilipoingia langoni. Wanawake walikuwa wameshika vichwa. Wanaume walikuwa wanaswaga ng'ombe kwa mikuki, kama inavyofanywa mwenye boma akifa.

"Japheth, umetuachia nani!"

Japheth akasimama. "Mimi niko hapa!"

"Uwi!" bibi mmoja akaanguka chini. "Hata kivuli chake kimekuja kutuaga!"

Nicanor aliweka paja chini polepole. "Mtu ameliliwa yu hai. Sisi hatuozi binti kwa maiti."

"Ndugu yangu, ni mzima!" Phelesia akamng'ang'ania koti. "Mguse uone!"

"Mguse wewe. Ni wako."

Wageni wakaondoka bila kunawa mikono. Langoni walipishana na Filister, akihema, mweupe kwa vumbi.

"Ni wewe na mbio zako!" Japheth akanguruma, akachukua fimbo.

Wakazunguka ghala, wakazunguka zizi, wakatoka nje kando ya ua wa minyaa. Waombolezaji walinyamaza kutazama. Mke hakuchechemea hata kidogo. Aliyesimama wa kwanza ni mume, mikono magotini.

"Filister... ngoja basi."

"Pumzika, marehemu," akamjibu kwa mbali.

Bibi mmoja akamgeukia Phelesia. "Si ulituambia huyu ni kilema?"

Phelesia alitazama masufuria ya kuku, akatazama umati wenye njaa ya kilio.

"Nyar Kasipul!" akaita. "Acha mbio, uje ugawe chakula. Sioni mwingine wa kunisaidia."