Sahani ya Kuazima

Kwa jirani yangu Filister, mama yake Marvin, mgeni haondoki bila kula, hata kama mwenye nyumba atalala na maji. Tabia hiyo alitoka nayo kwao ziwani, akaileta hapa Mashimoni, na nusura imuue.

Filister ana kisukari. Anafulia watu nguo kule Ayany, na siku ambayo hakuna nguo, hakuna chakula. Kliniki ilimwekea programu kwenye simu: kila mchana apige picha ya anachokula, amtumie Sista Mutanu, muuguzi wa hapo. Baada ya wiki tatu, anayeonekana kukosa chakula angeletewa kapu kila Ijumaa, lenye maharagwe, mayai na mboga za managu. Ni kazi rahisi, lakini siku ya kwanza tu alikuja mlangoni kwangu, na mimi ndio nimepakua samaki.

"Nthenya, niazime hiyo sahani dakika moja."

"Iko na chakula, Mama Marvin."

"Si ndiyo hiyo nataka! Sista ataangalia. Sasa nimwonyeshe ugali ya jana? Hiyo ni kama kumkaribisha kwangu nimfunulie sufuria tupu."

Nikampa. Wiki tatu nzima chakula changu kilipigwa picha kama bibi harusi, kikanirudia kimepoa. Nilinung'unika, sikatai. Nikimkatia kipande alikataa: alikuja kupiga picha, hakuja kuomba. Simu nayo kila siku ilimwimbia, "Hongera, Filister! Unakula vizuri!" Akatabasamu kama aliyekula kweli.

Wiki tatu zilipoisha, ukaja ujumbe: kwa kuwa lishe yake ni nzuri, kapu atapewa mwingine.

Siku hiyo hiyo nilimkuta ameketi chini pale tunapochotea maji, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Alikuwa amemeza dawa ya sukari tumbo tupu. Nilimkorogea maji ya sukari, nikamnywesha kidogo kidogo. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hugomba.

"Mficha uchi hazai, Mama Marvin!"

"Niko na watoto watano," akajibu kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumzaba kofi, nikacheka, kisha nikalia. Alipopata nguvu nilimshika mkono hadi kwake. Juu ya meza palikuwa na kipande cha ugali mkavu na kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa. Alipiga picha, akafumba macho, akaituma.

Sista Mutanu alipiga simu mwenyewe kabla ya jioni.

"Mama, kumbe hivi ndivyo unakula? Na vile nilikuwa naonea ile sahani yako wivu!"

"Ilikuwa ya Nthenya," Filister akasema, akainamisha kichwa kana kwamba anaonekana.

Ijumaa kapu lilifika. Filister alipika managu na mayai, na kabla hajaonja aliniita, akanipakulia rundo kubwa kuliko lake. Nilimrudishia nusu kwa nguvu, na safari hii alikubali. Tulikula hadi tukapangusa sahani kwa ugali, ndipo simu ikalia kuomba picha.

"Haiya!" Akaishika simu juu ya sahani yake tupu, akabonyeza.

Ikajibu: "Samahani, Filister. Hatuoni chakula."

Filister aliitazama, akajipapasa tumbo.

"Ambia sista kimefika."