Kushuka Kerio Ukitazama Nyuma

Watu walisema ugonjwa wowote wa Eldoret, mgonjwa akishushwa Bonde la Kerio akiwa ametazama nyuma, hurudi nyumbani wenyewe. Ugonjwa unaona njia uliyotoka, unashikwa na hamu ya baridi yake, unamtoka mtu kabla ya kona ya mwisho. Aliyenieleza ni muuza nyama tuliyeketi naye dawati moja shule ya usiku, mtu mzima na ndevu zake. Aliapa kwamba shangazi yake aliacha kifua kikuu pale Iten, mji wa ukingoni mwa bonde, kama mtu anayesahau mwavuli. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha sekondari nikiwa na mvi kichwani, na nilijiona msomi kushinda maprofesa wote wa nchi hii wakipakiwa kwa lori moja. Msomi wa aina hiyo haamini nusunusu.

Baba alikuwa na saratani ya koo. Alikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi ya mitambo kiwandani hadi akastaafu, na miaka hiyo yote alikula samaki kwa namna ambayo paka wa mtaa wetu wa Yamumbi walihama kwa kukosa hata mfupa. Sasa alikuwa anameza uji mwepesi, na kati ya kijiko na kijiko ungeweza kulima ekari ukarudi ukamkuta bado anajaribu.

Kwa hivyo dada yangu aliposema tukapige kambi bondeni wikendi, familia nzima, nilirukia wazo hilo kabla hajalimaliza. Yeye alikuwa amekodi hema. Mimi nilikuwa nimepata dawa.

Asubuhi ya safari niliwaeleza. Dada alicheka, akaniangalia, akaacha kucheka.  Mama aliingia ndani akatoka na mito miwili. Baba ndiye aliyetuamulia. Alisema huko nyuma kwa buti ya gari kuna nafasi ya kunyoosha miguu, na kwamba amechoka kuangalia kisogo changu tangu nianze kuendesha. Tukampangia mito katikati ya hema na sufuria, uso kwa kioo cha nyuma, na blanketi magotini. Watoto wa dada wakagombania nani atakaa karibu na guka wa buti, yaani babu wa buti, jina walilompa hapo hapo.

Tulipita mjini chini ya manyunyu yale yasiyojua kama ni mvua au ni ukungu. Niliongea njia nzima. Niliwaambia watoto kwamba mbio zilivumbuliwa Iten na mtu aliyefukuzwa na ng'ombe, na kwamba ng'ombe ndiye aliyemaliza wa kwanza. Walicheka. Kila nikiinua macho kwa kioo niliona shingo ya baba, imekonda mpaka kola ya shati ilisimama peke yake, na mbele yake barabara yote tuliyoiacha ikiyeyuka kwa ukungu. Sijui alikuwa anaangalia nini. Hakuna kitu kilionekana.

Iten nilinunua mahindi ya kuchoma. Gari lilijaa ile harufu, na ghafla hakuna aliyetaka kula mbele yake. Nilifunga hindi moja kwa ganda lake, nikaliweka juu ya dashibodi, nikasema kwa sauti kubwa, "Hili ni la mzee. Atalila huko chini." Mama aligeuka akaangalia nje.

Halafu tukaanza kushuka. Ile barabara imejikunja kama matumbo ya mbuzi, na mtu anayeiteremka kinyumenyume tumbo lake linajua. Kona chache tu na baba akaanza kutapika ndani ya beseni la vyombo, uji wote wa asubuhi, kisha hewa tupu. Mama aliniambia nisimame. Nilisimama ukingoni. Dada alifungua mlango wa nyuma, akaanza kuvuta mito ili amhamishe akae mbele.

"Usimgeuze," nikasema. "Kona zimebaki kidogo."

"Unamtesa mzee."

"Ukimgeuza sasa, ugonjwa unarudi ndani."

Nilikuwa nimeshika mlango.  Baba alipangusa mdomo na kona ya blanketi, akatuangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeamua kesi ya kuku.

"Wacha twende hivi hivi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Hata huyu akitaka nishuke kichwa chini, nitashuka."

Nilimwambia dada, si umesikia? Nikaanza kumrudishia mito mgongoni. Ndipo mama akanishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta hadi kwenye vyuma vya kando ya barabara, ambapo baba hangetusikia. Bonde lote lilikuwa chini yetu, jeupe kwa jua.

"Mwanangu, nisikize," akasema. "Huo ugonjwa haurudi mahali. Umefika kwa ini. Daktari alituambia hakuna kitu kingine cha kufanya, na babako anajua. Alikubali kukaa huko nyuma kwa sababu wewe ulitaka. Tumekuja kukaa na yeye, hatukuja kumponya. Enda umgeuze."