Jina Linaloishia Menoni

Mtoto wangu wa pili alifikisha mwezi mzima hana jina, na ukweni walisema kosa ni langu. Walisema nina kichwa kigumu. Sikubisha. Mimi ni mtu wa Mbeya, nilikuja Sumbawanga na cherehani yangu, nikaolewa na Mfipa wa Kaengesa, na tangu mwanzo walijua wamechukua mwanamke wa namna gani. Ila safari hii haikuwa jeuri. Nilikuwa naogopa.

Wa kwanza, naye wa kike, alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Jina lake liliishia na a, kama majina ya wasichana karibu wote huku. Siku ya mazishi wanawake walianza kulia tangu njiani, na kila aliyeingia uani alimwita marehemu kwa jina lake, ile a ya mwisho akaivuta mpaka pumzi ikamwishia. Ndivyo mtu anavyoliliwa. Asipoitwa hivyo, watu wanasema hakuliliwa. Nami nilimwita. Niliivuta ile a nikasikia mdomo umebaki wazi, hauna pa kufungia, na sauti inaendelea kutoka yenyewe kama si yangu. Tangu siku hiyo sikulitamka tena jina lile. Likinijia kooni nalimeza pamoja na mate.

Basi nilipojifungua tena msichana nikasema, huyu simpi jina la kuliliwa. Lake lazima liwe halivutiki. Nikikaa kwenye cherehani nilikuwa nayajaribu majina kwa sauti ya chini, moja moja, nikiyavuta mwisho. Ya a yote niliyatupa. Ya e nayo yanavutika vizuri tu. Ya i yanapanda juu, yanatisha zaidi. Ya o na ya u yanavuma kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi. Wateja walidhani ninaimba, mmoja akaniuliza ni wimbo gani. Kumbe kila jina nilikuwa nalifanyia msiba kwanza, nione litakuwaje.

Mume wangu alicheka, mpaka nilipomweleza. Hapo alitoka nje kwenda kutazama pikipiki isiyo na shida yoyote.

Mama mkwe hakukwepa. Yeye alitaka jina la mama yake mzazi, maana ndivyo wanavyofanya kwao, mtoto anachukua jina la aliyetangulia. Alikuja mjini na unga wa ulezi na kuku mmoja, akaketi, akampakata mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anaitwa nani leo?"

"Bado, mama."

"Bado tena. Mtoto asiye na jina atajuaje kwamba amefika kwao? Mpe la mama yangu, atulie."

"Linaishia na a, mama."

"La kwako linaishia na nini? Mbona uko hai?"

Nilichinja kuku.

Hatimaye nililipata kanisani, jina la mtakatifu mmoja linaloishia na s. Ukifika mwisho meno yanakutana na basi, limekwisha, huna cha kuvuta. Nilivyolijaribu, likanikatikia mdomoni. Nilifurahi kama niliyepata dawa. Mume wangu akasema, "Hilo ni jina au unafukuza kuku?" lakini alikubali, na mtoto akabatizwa. Mama mkwe lilimsumbua. Ulimi wake ulikuwa unaliongezea i mwishoni, nami kila mara namrekebisha: "Funga meno, mama." Alinionea huruma, nadhani, kwa sababu alikuwa anayafunga.

Nilidhani hofu itaondoka. Wapi. Mtoto akikohoa, roho juu. Akilala sana mchana naweka kiganja mbele ya pua yake. Alipotimiza miaka minne sikulala vizuri mwaka mzima, kisha akatimiza mitano, umri ambao dada yake hakuufikia, nikaanza kuogopa upya kwa sababu sasa sikujua nitazame wapi. Nikimtaka namfuata alipo, namwita kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Sikuwahi kumwita kwa kupaza sauti. Sikuwahi kumwacha aende mbali kiasi cha kuhitaji hivyo.

Kiangazi kilichopita tulikwenda Kaengesa kumsaidia mama mkwe kupeta ulezi. Upepo ulikuwa mkali, mzuri kwa kazi hiyo, makapi yanaruka yenyewe. Mtoto alikuwa anacheza na kitoto cha mbuzi pembeni yetu. Niliinama kuzoa ulezi, nilipoinuka hayupo. Kisha nikamwona, mbali, ng'ambo ya shamba, kambuzi kamekimbilia kwenye nyasi ndefu naye anakafuata. Nyasi zilikuwa zimempita kichwa. Naona tu gauni jekundu likitokea na kupotea.

Na nyuma ya zile nyasi, juu ya kilima, moshi. Kuna mtu alikuwa amechoma majani ya shamba lake, na moto ulikuwa umemtoroka, unashuka na upepo kuja upande wetu. Mtoto hakuuona. Alikuwa anakimbia kuuelekea.

Nilimwita. Jina lilitoka, likakatika kwenye meno, upepo ukanirudishia usoni. Nikamwita tena huku nakimbia, kwa nguvu zote, na tena, na kila mara linakufa palepale. Huwezi kulirusha jina lile. Mimi mwenyewe nililichagua kwa sababu hiyo. Gauni jekundu liliendelea kwenda, na sasa nasikia moto unavyotafuna nyasi. Nilijua kwamba nampoteza na huyu.

Sikuamua. Mdomo wangu ulifunguka na likatoka lile jingine, la dada yake, na ile a ikatoka ndefu, ikaupita upepo, ikafika ng'ambo. Nyuma yangu nilisikia ungo wa mama mkwe ukianguka. Mimi nikaendelea kuita. Niliita kama nilivyoita siku ile uani, jina ambalo mtoto huyu hakuwahi kulisikia kutoka kwangu hata mara moja.

Gauni jekundu likasimama. Likageuka. Kisha nikaziona nyasi zinapasuka, anakuja mbio, moshi uko nyuma yake, anakuja moja kwa moja kwangu.

"Abee, mama," akaitika, kana kwamba siku zote lilikuwa lake.