Karatasi Niliyomsomea Mama Furaha

Iko siku moja naikumbuka kila majani yanapoanza kudondoka, mwanangu, na siikumbuki kwa kupenda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeketi jikoni kwa watu, Wheaton, hapa Maryland, nimeshika karatasi. Mama mwenye nyumba alikuwa ananitazama mdomo, anasubiri nimwambie imeandikwa nini. Nami nikamwambia lisiloandikwa.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Mama yako analijua nusu, maana wakati ule alikuwa chekechea. Nisingelitoa leo kama si yale uliyonieleza Jumapili tulipotoka kanisani. Ulisema umepiga hesabu za vyuo vitatu, asilimia ngapi huchukuliwa wakiomba mapema na ngapi wakisubiri zamu ya kawaida, na kwamba chakula hakikupiti kooni. Hilo sikulishangaa. Kisha ukacheka kidogo, ukasema kwa Kiingereza chenu kuwa rafiki yako alipokuuliza unaomba wapi, ulimtajia chuo kingine, usije ukampa wazo la kuomba hicho chako. Hapo nilishtuka. Basi nisikilize mama yako mkubwa Tumsifu, hata kama nitakwenda polepole.

Tuliishi ghorofa ya nne, jengo lililo karibu na kituo cha treni. Babu yako alikuwa dereva ubalozini, bibi yako akitunza wazee majumbani. Chini yetu, ghorofa ya tatu, walihamia watu wa Bukavu, mama na binti yake Furaha. Baba yake Furaha alipotea vitani. Zaidi ya hapo hawakusema, nasi hatukuuliza. Furaha alikuwa rika langu, tukawa shule moja. Alifika na Kifaransa chake na Kiswahili cha kwao, Kiingereza hana, nikawa mkalimani wake. Mwaka wa kwanza nilimfundisha mimi. Mwaka wa tatu alikuwa ananifundisha yeye hesabu, na ananisubiri kwa upole nielewe.

Jumamosi tulikwenda Lanham, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja, kwa Mwalimu Walter. Alikuwa Mmarekani mweusi, mstaafu, aliyejifunza Kiswahili ujanani na hakukiacha. Aliwasaidia watoto wa wahamiaji kuandika maombi ya vyuo. Kiswahili chake kilinyooka hata wazazi wetu wakaona haya, na sisi tukimjibu kwa Kiingereza alijifanya hasikii.

Ni yeye aliyetueleza ombi la mapema, hilo mnaloliita ED. "Unachagua chuo kimoja tu," alisema. "Wewe unatia sahihi, mzazi anatia sahihi, na mshauri wa shule naye. Wakikuchukua, umekwenda. Kwingine kote unafuta."

Nikamwuliza, "Lakini nafasi si ni kubwa zaidi, Mwalimu?"

"Ndivyo wasemavyo. Ila uliza waliosimama kwenye foleni ile ni akina nani. Wamo watoto wa waliosoma pale, wamo wanamichezo walioitwa tayari. Asilimia ile ni ya foleni nzima, Tumsifu. Haina jina lako."

Maneno yale sikuyashika. Nilishika mengine, niliyoyasikia shuleni Jumatatu wakati wa chakula: kwamba chuo nilichokitaka, huko kaskazini, hakichukui wanafunzi wawili kutoka shule moja kwa maombi ya mapema. Nani alisema? Sijui. Woga hauulizi aliyesema. Jioni ileile, tukipanda ngazi, Furaha akaniambia amechagua. Akataja chuo changu.

"Tutakwenda wote, dada," akasema. "Miye nitakuwa siogopi kama weye uko."

Nikamkumbatia. Alama zake zilizidi zangu, nilizijua zote, maana tulikuwa tunaonyeshana. Na habari ya maisha yake aliyoiandika, Mwalimu aliisoma akavua miwani. Yangu alisema ni nzuri.

Siku nne nilikaa hivyo. Chakula nilikisukuma huku na huku kwenye sahani. Darasani jina la Furaha likiitwa, nilijifanya natafuta kalamu. Mtu akiniuliza kama nilimchukia, nitasema hapana, na nitakuwa nasema kweli. Nilimpenda na nilimwogopa, na sikujua kwamba viwili hivyo vyaweza kukaa nyumba moja.

Siku ya tano nilikuwa natoka shule, Mama Furaha akanifungulia mlango kabla sijafika kwetu. Furaha alikuwa bado maktaba. Akanikalisha jikoni, akaniwekea chai, akatoa karatasi ya ahadi ya ombi la mapema kwenye bahasha.

"Tumsifu, mutoto wangu, unisomeye. Furaha alinisomeya, lakini yeye anataka kwenda. Mutu mwenye kutaka kitu anaweza kuficha ubaya. Weye hauna faida hapa. Weye ni macho yangu."

Nikaisoma kimya. Haikuwa na neno baya. Ilisema alivyosema Mwalimu, basi. Lakini wao kesi yao ya ukimbizi ilikuwa haijaamuliwa, na mama yule akiona gari la polisi tu barabarani aliingia duka lolote lililo karibu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nililijua hilo.

Nikasema, "Mama, hapa ni mkataba. Ukitia sahihi, chuo kitapeleka majina yenu serikalini, wachunguze makaratasi yenu kwanza."

Hakupiga kelele. Aliiweka karatasi mezani kama kitu cha moto, akaifuta mikono yake kwenye kitenge, akaifuta tena. "Ni Mungu alikupitisha hapa," akasema. "Miye sitaweka mukono."

Furaha alikuja juu kwetu baadaye, macho mekundu. "Umeona wapi hayo? Miye nilisoma, hayamo."

Ningeweza kurudi nyuma pale, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Hayaandikwi waziwazi. Baba aliyasikia ubalozini." Furaha alinitazama kidogo, akainamisha kichwa. Aliniamini, kwa sababu kwa miaka mitatu sikuwa nimemtafsiria neno la uongo.

Tangu siku ile nilianza kuishi kwa kunyata. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa ghorofa moja. Baba akichukua kikapu cha nguo kwenda kufua chini, nilimpokonya nikaenda mwenyewe, asije akakutana na Mama Furaha mbele ya mashine wakaanza mazungumzo. Simu ikilia nilikimbilia mimi. Mama akadhani nasubiri habari za chuo, akaniombea. Furaha aliacha kuja Lanham, maana mama yake hakutaka tena karatasi yoyote ya chuo. Mwalimu akiniuliza habari zake nilisema anafanya kazi Jumamosi.

Katikati ya Desemba ikaja bahasha nene. Wakati ule majibu yalikuja kwa posta, na unene wa bahasha ulitosha kukuambia. Nimechukuliwa. Baba alikaa chini sakafuni akacheka peke yake. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakafungua milango. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya furaha ya watu kama mgeni aliyeingia harusi isiyo yake.

Kesho yake mchana Mama Furaha alipanda kutupongeza. Alileta sombe, kisamvu cha kwao, na bugali umefungwa kwa kitambaa. Furaha alikuwa nyuma yake, akanishika mkono, akasema hongera, na alimaanisha. Kisha mama yake akamgeukia mama yangu.

"Huyu mutoto wenu alituokoa."

"Aliwaokoa na nini?" mama akauliza, akitabasamu.

Nikaropoka kwamba ni mambo ya karatasi za shule tu, nikachukua sahani, nikaiangusha. Tukaokota vigae, mazungumzo yakahama. Lakini mama alinitazama. Bibi yako alikuwa na jicho lile, unalijua. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, na sombe ile sikuweza kuimeza.

Jumamosi nilikwenda Lanham. Mwalimu Walter alinipa mkono, akasema amefurahi. Halafu akauliza maneno mawili tu: "Na mwenzako?"

Nikalia, nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, amekunja mikono. Nilitarajia atanifariji kidogo, nilikuwa bado mtoto. Hakunifariji.

"Kuogopa si kosa, Tumsifu. Mimi ni mzee na bado naogopa. Lakini woga wako ulikuwa mzigo wako. Ukautua, ukamtwika mama wa watu ambaye wake ulikuwa umemtosha." Akatazama kalenda ukutani. "Mlango wa maombi ya kawaida unafungwa Januari inapoanza. Kila siku unayolia hapa, unalia katika siku za Furaha."

"Mwalimu, wakijua chuoni wakanifutia?"

"Basi watakuwa wamekufutia. Vaa koti."

Alinipeleka kwa gari lake. Barabara nzima nilitamani kuwe na foleni, na siku hiyo, jambo lisilotokea huku kwetu, hapakuwa na foleni. Mlangoni akaniambia, "Nitasimama nyuma yako. Sitakusemea."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema kwa Kiswahili, nisijifiche katika Kiingereza. Furaha alikuwa anapiga pasi. Akaikalisha pasi wima, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kishindo. Afadhali angeubamiza. Mama yake alibaki ameketi.

"Nilikupa macho yangu," akasema. Kisha akaendelea: "Miye siendi kukusema kwa bazungu. Kaa na chuo yako. Lakini usinisomeye tena kitu."

Nikapanda kwetu, nikawaambia na wazazi wangu. Baba hakunipiga, hakunigombeza. Alishuka ghorofa ya tatu kuomba radhi, kofia mkononi, na kumwona baba yangu akiomba radhi kwa kosa langu ndiko kuliko na uchungu hadi leo.

Mwalimu alikaa na Furaha siku zote zilizosalia, akatuma maombi yake katika zamu ya kawaida. Masika yalipofika, chuo changu kilimkataa. Chuo cha jimbo hapa Maryland kilimchukua. Akasoma, akawa mhandisi wa madaraja, ana watoto, anaishi ng'ambo ya mto, Virginia. Tunakutana misibani na harusini. Hunipa mkono, huniuliza habari za nyumbani, na hapo ndipo mwisho. Alinisamehe, aliniambia kwa kinywa chake. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja, na kurudishiwa rafiki ni kingine.

Je, angeomba mapema angechukuliwa? Sijui. Huenda wangemkataa vilevile. Huenda wangemchukua yeye wakaniacha mimi. Huenda wangetuchukua wote wawili, maana wiki ya kwanza chuoni nilikutana na wasichana wawili wa shule moja, wote walioomba mapema, nami nikatafuta pa kukaa. Ule uvumi haukuwa na ukweli wowote. Miaka minne nilisoma pale nikiogopa kila barua iliyotoka ofisini kwao, na siku ya kuhitimu, jina langu lilipoitwa, nilitazama kulia kwangu kana kwamba kuna mtu ataitwa baada yangu.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na sitaizungusha. Omba mapema ikiwa chuo hicho ungekwenda kwa moyo mweupe hata kama milango yote mingine ingekuwa wazi. Usikichague kwa kuwa hesabu imekutisha, kwa maana ahadi ile inafunga, na mtu aliyejifunga kwa woga huamka amefungwa na woga uleule. Kaeni na mama yako na baba yako muisome karatasi neno kwa neno, muulize mapema msaada wa ada utakuwaje, kabla kalamu haijagusa. Maombi mengine yawe tayari usije ukaanza kuyaandika na machozi. Na wakikukataa, lia, kisha unawe uso. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwulize Furaha, ambaye ninyi mnapita juu ya madaraja yake bila kujua.

Lakini lililo kubwa ni hili. Usisafirie nyota ya mwenzio, wala usiizime. Mpigie simu rafiki yako leo, kabla jua halijatua, mwambie chuo unachoomba kweli. Utaogopa. Mpigie ukiogopa hivyohivyo. Kama wote wawili mtaandika jina moja, andikeni, kila mmoja kwa mkono wake, na anayechagua achague.

Mungu wa babu na bibi zako akutulize tumbo na akurudishie usingizi. Akupe walimu wasiokubembeleza unapokosea. Jibu likija, liwe jema au la kuumiza, likukute una mtu wa kumwonyesha. Na kama iko bahati inayoweza kukufikia kwa kupita tu juu ya mgongo wa mwenzio, namwomba Mungu, mwanangu, kwa mapenzi yangu yote kwako, akunyime.