Aliyegonga Kioo Kituo cha Tipley

Saa saba mchana, na jua halionekani. Upepo wa Wyoming, Marekani, unaburuta theluji barabarani kama unga, hata mbingu na ardhi zimekuwa kitu kimoja cheupe. Marlys Hegstad anapunguza mwendo, anaingia kituo cha kuchajia magari ya umeme cha Tipley, kisha anafanya jambo ambalo madereva wengine hawalifanyi.

Anashuka kabla ya kuchomeka waya. Anapita gari moja baada ya jingine na kugonga kila kioo. Kwenye gari la tatu binti mmoja anashtuka, anashusha kioo kidogo tu.

"Uko salama, mwanangu?"

"Niko salama. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Endelea kupumzika."

Binti anakipandisha kioo haraka. Marlys hajali. "Wengine hunitukana," anasema, akipangusa theluji kwenye nyusi. "Anayetukana anapumua."

Marlys ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na moja kazi yake imekuwa kusafirisha macho ya marehemu. Anachukua kisanduku cha barafu kwenye hospitali za magharibi mwa jimbo, anakipeleka mjini Denver, na huko madaktari huwapandikizia wasioona ile ngozi nyembamba angavu ya mbele ya jicho. Safari moja ni maili mia tatu na hamsini au zaidi. Hulipwa kwa safari, si kwa saa. Akikwama kwenye theluji, amejikwamia mwenyewe.

Akiwa na kisanduku hawashi redio. Akishuka kununua kahawa hukiaga: "Narudi sasa hivi."

"Usiandike hilo," anamwambia mwandishi, kisha anafikiri kidogo. "Basi, andika. Wananijua."

Miaka miwili iliyopita alinunua gari la umeme, la kubebea mizigo. Kampuni iliyolitengeneza haina vituo vya chaji kwenye nyika ile. Wenye vituo ni kampuni pinzani, ambayo zamani ilihudumia magari yake peke yake, kisha ikawafungulia mlango na wengine. Marlys akanunua adapta, akaingiza programu yao kwenye simu, akaanza kuishi kwa umeme wa watu.

Mgeni ni mgeni. Nguzo zile za kuchajia zilijengwa kwa magari yenye tundu la chaji nyuma. La Marlys liko mbele, ubavuni, na waya ni mfupi kama mkia wa mbuzi. Ili umfikie, hana budi kuegesha kwenye nafasi ya jirani. Amezomewa na kupigiwa honi. Mtu mmoja aliwahi kumwachia karatasi kwenye kioo: *Jifunze kuegesha.*

Hata Eusebio Archuleta, mwenye duka la hapo kituoni, alikuwa na utani wake.

"Bi mkubwa! Umekuja tena kunyonya kwa mama wa kambo?"

"Maziwa ni maziwa, Eusebio. Nipe kahawa."

Utani huo ulikoma Januari mwaka jana.

Siku hiyo Marlys alifika Tipley betri ikiwa na asilimia tisa, na baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Kituo kilichofuata kilikuwa maili arobaini mbele, mjini Rawlins. Kati ya nguzo nane, sita zilikuwa zimezimwa na dhoruba. Mbili zilizobaki zilikuwa jirani. Kwenye mojawapo palichomekwa gari jeupe, na gari hilo lilikaa mahali hasa ambapo Marlys alipaswa kusimama ili waya wa nguzo ya pili umfikie.

Akaliendea. Lilikuwa linavuma taratibu, na ndani kulisikika muziki wa kinanda ukipigwa polepole. Theluji ilikuwa imeganda kwenye vioo vyote isipokuwa kimoja. Kwenye kioo cha abiria palikuwa pamepanguswa duara la ukubwa wa uso.

Akachungulia pale. Mwanamume mwenye kofia alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, macho wazi. Skrini mbele yake iliandika kwamba chaji imejaa.

"Kaka, samahani. Naomba usogee nafasi moja tu, waya haunifikii."

Gari halikusogea.

Akagonga. "Kaka, usinifanyie hivyo. Nina mzigo wa hospitali."

Yule mtu hakugeuka. Marlys alidhani ni dharau ile ile ya siku zote. Akaenda dukani damu ikimchemka.

"Eusebio, yule bwana wa gari jeupe ana kiburi!"

"Amelala huyo. Yuko pale tangu saa mbili asubuhi."

"Watu wa kwenu hulala macho wazi?"

Eusebio aliweka kikombe chini.

Walirudi pamoja. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Marlys akaweka kidole kwenye lile duara, akakipeleka kulia, akakirudisha kushoto, polepole. Uso wa yule mtu haukutikisika. Lakini jicho lake la kushoto lilikifuata kidole.

"Nimebeba macho miaka kumi na moja," anasema Marlys. "Hilo lilikuwa la kwanza kunitazama."

Eusebio alivunja kioo cha nyuma kwa chuma cha kufungulia tairi. Hewa ya moto ikatoka kama pumzi. Kwenye simu, mpokezi wa dharura akawaambia ukweli mchungu: lori lilikuwa limepinduka na kuziba barabara ya kuja kwao kutoka Rawlins, gari la wagonjwa lisingefika kabla ya muda wa saa mbili kupita. Upande wa kwenda Rawlins ulikuwa unapitika. Je, wangeweza kumleta?

"Langu lina asilimia tisa," Marlys alimwambia Eusebio.

"Na hili?"

Wote wawili wakatazama ile skrini. Mia.

Wakamhamishia kiti cha abiria, wakakilaza kidogo. Eusebio akakaa nyuma akimshikilia bega asianguke. Marlys akakifuata kisanduku chake garini, akakiweka karibu na Eusebio, akashika usukani wa gari ambalo hajawahi kuliendesha. Simu ya mwenye gari, ambayo ndiyo ufunguo wake, ilikuwa mfukoni mwa yule mgonjwa, nalo gari likatii.

Maili arobaini. Gari halina ngurumo, kioo kilichovunjika kinapiga mluzi, na kinanda hakuna aliyejua namna ya kukizima.

"Ongea naye, bi mkubwa," Eusebio alisema. "Nadhani anasikia."

"Niongee nini? Simjui."

"Mseme basi! Mseme kwa kutokusogea!"

Marlys akamsema njia nzima.

Hospitalini Rawlins walimpokea. Damu ilikuwa imeganda kwenye ubongo. Kisanduku kilichukuliwa na askari wa barabarani aliyefuata nyuma ya gari la kusafishia theluji hadi Laramie, na huko dereva mwenzake Marlys akakipeleka Denver. Upasuaji wa macho ulifanyika kesho yake. Marlys hakuambiwa ni nani aliyeona, huwa haambiwi.

Mwenye gari jeupe anaitwa Delmar Rusk, miaka sitini na saba, fundi mstaafu wa mgodi wa magadi. Anatembea kwa mkongojo, na maneno yake hutoka moja moja. Mwandishi alimkuta nyumbani kwake Green River.

"Nilisikia kila kitu," anasema. "Walikuja, wakachaji jirani yangu, wakaondoka. Mmoja alikula viazi vikavu vya pakiti. Nilisikia vinavunjika. Nikapiga kelele, lakini ndani tu. Gari likaendelea kunipasha moto. Bila lile joto ningekufa. Kwa sababu ya lile joto, hakuna aliyenishuku."

Walikuwa wangapi?

"Wanne. Wa nne alipangusa kioo, akanitazama muda mrefu. Hakusema neno."

Kamera ya duka la Eusebio ilionyesha magari matatu asubuhi ile, na hakuna dereva hata mmoja kati ya hao watatu aliyelisogelea gari jeupe. Eusebio aliirudia picha mara nyingi, halafu akaacha. "Mke wangu kaniambia niifute," anasema. "Nimeifuta."

Marlys akiulizwa habari za mtu huyo wa nne hunyanyua mabega. "Mimi nililiona duara. Alama za miguu sikuziona. Theluji ilikuwa inapeperuka, inafuta. Basi."

Wale watatu hakuna anayewalaumu. Magari yao yalikuwa ya kampuni ile ile, waya uliwafikia, hawakuwa na shida na mtu.

Mwezi wa nne mafundi watakuja Tipley kubadilisha nguzo. Mpya zina waya mrefu, unaofikia gari la kampuni yoyote. Hakuna tena kuomba nafasi, wala kuachiwa karatasi kwenye kioo. Eusebio amefurahi, madereva wamefurahi.

"Ni jambo jema," anasema Marlys. "Nimelipigania mwenyewe, niliwaandikia barua mbili."

Anaangalia chaji yake ikipanda.

"Sasa hakuna atakayemhitaji mwenzake asogee. Mtu atachomeka, atajaza, ataondoka. Ndiyo maana nimeshaiambia kampuni yangu: dakika kumi kila kituo, mniongezee. Wameuliza za nini. Nimewaambia za kugonga."